Sheria Ndogo ni Mali ya Wanakijiji: Namna ya Kupendekeza na Kufanikisha Marekebisho Yake

Hotuba kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Tumeombwa tuzungumze juu ya sheria ndogo za vijiji vyetu. Jina lenyewe limewafanya wengi wazidharau. Hata hivyo, mwananchi wa kijijini aweza kuishi miaka mingi asiione kwa macho yake sheria iliyotungwa na Bunge, lakini sheria ndogo hukutana nayo kila siku: achotapo maji kisimani, akatapo kuni, mbuzi wake akatapo kamba na kuingia shamba la jirani, au adaiwapo mchango wa darasa na zahanati. Kwa mtu maskini, sheria ndogo ndiyo sheria kubwa.

Katika ziara za Tume yetu vigangoni tumesikia malalamiko yanayofanana. Mjane amechukuliwa sufuria na kuku kwa kushindwa kulipa mchango. Kijana ametozwa faini, akanyimwa stakabadhi. Wakulima na wafugaji wametungiwa masharti ambayo upande mmoja haukuitwa kuyajadili. Tukiuliza watu wamefanya nini, twapata jibu moja kati ya mawili: ama wamenung'unika kisimani na kilabuni, ama wameamua kuivunja sheria kimyakimya. Manung'uniko hayabadilishi neno hata moja katika sheria. Nako kuivunja kimyakimya humwacha mnyonge akikamatwa na mjanja akiponyoka. Ipo njia ya tatu, nayo ni halali: kupendekeza marekebisho mbele ya wote. Njia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

1. MABINTI WATANO MLANGONI PA HEMA

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, chatuambia habari za mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alifariki jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule jina lake lingetoweka pamoja na fungu lake la ardhi. Mabinti hawa hawakuishia kulia hemani mwao. Walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania.

Tuangalie walivyofanya. Walikwenda mahali panapohusika. Walikwenda wote watano, si mmoja peke yake. Walieleza kisa chao kwa maneno machache, na wakataja wanachokitaka: wapewe milki kati ya ndugu za baba yao. Musa naye hakuwafukuza, wala hakujifanya kuwa ana jibu tayari; alilipeleka neno lao mbele ya Bwana. Bwana akasema kwamba mabinti hao wamenena haki, na kutokana na ombi lao ikawekwa kanuni ya urithi kwa Israeli yote.

Ndugu wapendwa, ikiwa hata katika taifa lililopokea sheria mlimani Sinai watu wanyonge waliweza kusimama na kuomba utaratibu urekebishwe, nasi wakasikilizwa wenzetu hao, ni nani atakayesema kwamba sheria ndogo ya kijiji haiguswi?

2. MAMLAKA HAYA NI YA NANI?

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba sheria hushuka kutoka juu kama mvua. Mazoea hayo yana historia. Mwaka 1972 Serikali za Mitaa zilivunjwa nchini Tanzania, na madaraka yakashikwa na watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Mwaka 1975 sheria ya vijiji ilivipatia vijiji Mkutano Mkuu na Halmashauri ya Kijiji, lakini maagizo yaliendelea kutoka juu. Hatimaye mwaka 1982 Bunge lilitunga Sheria Na. 7, yaani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano, alitaja kuvunjwa kwa Serikali za Mitaa kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya.

Katiba ya nchi, katika ibara za 145 na 146, inaziweka Serikali za Mitaa na kueleza kwamba shabaha yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika kuamua mambo yanayomhusu. Kwa upande wa kijiji, chombo kikuu ni Mkutano Mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mama anayeuza vitumbua ni mjumbe sawasawa na mwenye duka la jumla. Mkutano huo hupaswa kuitishwa walau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ndiyo mtendaji, naye Afisa Mtendaji wa Kijiji ni katibu wake.

Sheria ya mwaka 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini imeweka masharti mawili ambayo kila mkristo yafaa ayashike kichwani. La kwanza: kabla ya kuipitisha, Halmashauri lazima iitishe mkutano wa wanakijiji, iwasikilize, na izingatie maoni yao. La pili: sheria hiyo haina nguvu mpaka ikubaliwe na Halmashauri ya Wilaya. Tena, mwenye uwezo wa kutunga ana uwezo wa kurekebisha, kwa kufuata njia ileile. Basi kupendekeza marekebisho si uasi wala si uchochezi. Ni kutumia mlango ambao sheria yenyewe imeuacha wazi.

Mafundisho ya Kanisa yanakubaliana na jambo hili. Papa Pius XI, katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni: jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na jumuiya kubwa. Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba kushiriki katika mambo ya umma kunatokana na hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Haki hiyo ina wajibu wake: asiyehudhuria Mkutano Mkuu amewaachia wengine wamwamulie.

3. TUIPIMEJE SHERIA?

Hatuwezi kuirekebisha sheria kwa sababu tu haitupendezi. Twahitaji kipimo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba sheria ya kweli ina mambo manne: ni agizo la akili, imekusudiwa kwa manufaa ya wote, imetungwa na mwenye dhamana ya jumuiya, na imetangazwa. Tuyageuze mafundisho hayo kuwa maswali manne ya kuulizia sheria ndogo yoyote.

Je, ina akili? Sharti linalomtaka mtu atende asichokiweza halina akili, hata likiandikwa kwa wino mzuri.

Je, inawafaa wote? Tomaso anaongeza hapa jambo la maana sana: sheria yaweza kuwa na lengo jema na bado ikakosa haki, iwapo mizigo imegawanywa bila uwiano. Shule ni jambo jema, lakini haifuati kwamba kila njia ya kuijenga ni ya haki.

Je, imetungwa na wenye mamlaka na kwa utaratibu? Amri ya mtu mmoja iliyotangazwa gulioni si sheria ndogo. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kutoza kodi yoyote isiyo na msingi wa sheria. Aidha, sheria ndogo haiwezi kuipinga sheria kubwa kuliko yenyewe. Kwa mfano, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inabatilisha desturi inayowanyima wanawake, watoto au walemavu haki zao katika ardhi. Hakuna Halmashauri ya Kijiji iwezayo kuirudisha desturi hiyo kwa mlango wa nyuma.

Je, imetangazwa? Sheria iliyofungiwa kabatini haijamfikia mtu. Kumtoza faini mtu asiyeweza hata kuisoma sheria ni kumtega.

Walakini Tomaso huyohuyo anatuonya kwamba kubadilisha sheria mara kwa mara bila sababu nzito huwaondolea watu mazoea ya kuitii. Kwa hiyo tusipendekeze marekebisho kumi kwa pamoja. Tuchague lile linaloumiza zaidi.

4. MFANO MMOJA

Tuchukue mfano, usio wa kijiji chochote maalumu. Sheria ndogo yasema: kila kaya italipa mchango wa ujenzi kwa kiwango kilicho sawa, asiyelipa kwa wakati atatozwa faini, na mali yake yaweza kukamatwa.

Kifungu hiki kina lengo jema. Lakini kaya ya bibi kizee anayelea wajukuu yatima inalinganishwa na kaya yenye mashine ya kusaga. Hakisemi mali gani isiguswe. Hakisemi nani asikilizwe kabla ya kukamatwa mali, wakati ibara ya 13 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa. Wala hakisemi fedha zitaelezwaje.

Mtu akisimama mkutanoni na kusema kwamba sheria hiyo ni mbaya ifutwe, atashangiliwa, kisha hakitafanyika kitu, kwa maana darasa bado linahitajika. Pendekezo linalofaa hutaja kifungu, hutaja kasoro, na huleta maneno mapya yaliyo tayari. Kwa mfano:

(a) Wazee wasiojiweza, wagonjwa wa muda mrefu na kaya zinazoongozwa na watoto wasamehewe mchango, kwa orodha iliyosomwa katika mkutano wa kitongoji.

(b) Asiye na fedha aruhusiwe kutoa nguvu kazi, kama kusomba mchanga, mawe au maji, kwa siku zitakazokubaliwa.

(c) Vyombo vya kupikia, matandiko, mbegu, chakula cha kaya na jembe visikamatwe kwa hali yoyote. Wala mali nyingine isikamatwe kabla mhusika hajasikilizwa na chombo chenye mamlaka ya kisheria.

(d) Kila malipo yatolewe stakabadhi papo hapo.

(e) Taarifa ya mapato na matumizi isomwe katika kila Mkutano Mkuu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Mtaona kwamba lengo la sheria limebaki palepale. Kilichozibwa ni nyufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, ipateni sheria yenyewe. Mwombeni Afisa Mtendaji nakala, kwa adabu na kwa maandishi. Msijadili tetesi. Mara nyingine hugundulika kwamba kinachoitwa sheria hakikupata kupitishwa kokote. Hapo hakuna cha kurekebisha, bali kuna cha kuulizia.

Pili, kusanyeni ushahidi. Andikeni yaliyotukia: tarehe, kiasi, kilichochukuliwa, na kama stakabadhi ilitolewa. Msiongeze chumvi. Jambo moja lililothibitishwa lina uzito kuliko kumi yaliyosikika.

Tatu, shaurianeni na wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sheria ndogo haiulizi dini ya mtu. Kwa hiyo pendekezo lisiwe la Wakatoliki. Waendeeni ndugu Waislamu, Walutheri, na wasio na dini. Wasikilizeni kwa namna ya pekee kina mama na vijana, ambao mara nyingi hubeba mzigo wa sheria bila kuulizwa.

Nne, pelekeni hoja katika mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Akilielewa jambo, mtakuwa na msemaji ndani ya kikao.

Tano, andikeni barua kwa Halmashauri ya Kijiji mkiomba hoja iwe ajenda. Barua iwe na kifungu kilichopo, kasoro yake, maneno yanayopendekezwa, na majina na sahihi za waombaji. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Sita, jiandaeni kwa Mkutano Mkuu. Hapa ndipo hoja nyingi hufia. Watu hulalamika mwaka mzima, na siku ya mkutano huenda shambani au msibani. Tangazeni siku hiyo nyumba kwa nyumba. Chagueni wasemaji wawili au watatu, mmoja wao awe mwanamke. Hakikisheni akidi imetimia, mahudhurio yameorodheshwa, na uamuzi umeandikwa katika muhtasari kwa maneno yaleyale yaliyokubaliwa. Kabla ya kutawanyika, ombeni usomwe.

Saba, fuatilieni safari ya pendekezo. Kwa kawaida hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani, kisha hufika Halmashauri ya Wilaya. Mwoneni Diwani mapema. Yeye ndiye atakayelitetea mbele ya madiwani wenzake. Ulizieni kila baada ya muda, bila ugomvi na bila kuchoka. Na msisahau: mpaka Wilaya itakapokubali, sheria ya zamani ndiyo inayotumika.

6. WASIOKUBALIANA NASI

Watakuwapo watakaopinga. Wengine watapinga kwa sababu utaratibu wa zamani uliwalisha. Hao hawatapenda stakabadhi wala taarifa. Lakini wengine watapinga kwa nia njema. Mwenyekiti atauliza: tukiwasamehe hawa, nani atachanga? Kila mtu hatajiita mgonjwa?

Turudi kwenye Kitabu cha Hesabu. Katika sura ya 36 wakuu wa ukoo wa Gileadi, wa kabila la Manase, walifika mbele ya Musa na hofu yao: mabinti wa Selofehadi wakiolewa katika makabila mengine, ardhi itahama pamoja nao. Hofu yao haikudharauliwa. Musa, kwa agizo la Bwana, alisema kwamba nao wamenena haki, na sharti likaongezwa: mabinti waolewe ndani ya kabila la baba yao. Haki ya mabinti haikufutwa. Iliwekewa namna ya kuishi pamoja na haki ya wengine.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Anayehofia uvivu ana hoja. Ndiyo maana orodha ya msamaha husomwa hadharani, mahali ambapo majirani wanajuana. Mkipewa wazo bora kuliko lenu, lipokeeni. Lengo letu si kumshinda Mwenyekiti mbele za watu, bali mjane alale na sufuria yake jikoni na mtoto asome chini ya paa.

Tena, habari ya mabinti wale haikuishia hapo. Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 17, wakati wa kugawa nchi, walifika tena mbele ya Eleazari na Yoshua, wakawakumbusha agizo lililotolewa kwa mkono wa Musa. Ndipo wakapewa fungu lao. Musa alikuwa amekwisha kufa; kama wangenyamaza, huenda ahadi ingekufa pamoja naye. Viongozi hubadilika nasi. Mabaraza yaliyochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 yana kipindi cha miaka mitano, na Watendaji huhamishwa. Wenye kukumbuka ni wanakijiji. Kwa hiyo nakala ya sheria iliyorekebishwa itunzwe, isomwe tena, na itekelezwe.

7. MIPAKA YETU

Yatupasa pia kusema wazi Kanisa lisilolifanya. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unawakataza makleri kushika nyadhifa zenye madaraka ya kiserikali. Padre si Mwenyekiti wa pili wa kijiji. Mimbari si mahali pa kupitishia sheria ndogo, wala Tume yetu haina chama. Kazi ya kuutia ulimwengu chachu ya Injili katika mambo ya utawala ni ya walei kwa namna ya pekee, kama Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyofundisha. Sisi tunawaelimisha na kuwasindikiza; mlangoni pa hema mtasimama ninyi.

Lakini mipaka hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio cha kukaa kimya. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilitamka kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya kuihubiri Injili yenyewe. Papa Yohane Paulo II, katika Ecclesia in Africa ya mwaka 1995, alihimiza Tume za Haki na Amani ziundwe katika ngazi mbalimbali. Ngazi iliyo karibu kuliko zote na maskini ni ile ya jumuiya yenu.

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, sheria ndogo iliyotungwa vizuri ni ngao ya mnyonge, kwa sababu mwenye nguvu hujilinda hata pasipo sheria. Tukiiacha mbovu, tumempokonya mnyonge ngao yake. Basi mkirudi kwenye jumuiya zenu, ulizeni kwanza swali hili moja: nakala ya sheria zetu ndogo iko wapi? Mungu awabariki.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Ni sheria ndogo ipi kijijini kwetu inayowalemea wanyonge kuliko wengine? Tuipime kwa maswali manne.

2. Mkutano Mkuu wa mwisho ulifanyika lini? Ni wangapi katika jumuiya yetu walihudhuria, nao waliobaki walizuiwa na nini?

3. Ni majirani gani wasio wa imani yetu tutakaoshauriana nao kabla ya kuandika pendekezo?

4. Yupo nani atakayepinga kwa nia njema, na hofu yake ni ipi? Tutaijibuje?